Nyungu za akina mama Batwa zinapasuka motoni: kosa liko wapi?

Jirani_wa_Kadutu
Wandugu, kuna kikundi cha akina mama Batwa, wenyeji wa asili wa msitu, mahali panapoitwa Miti, kando ya Parki ya Kahuzi-Biega hapa Kongo. Wanataka kuleta nyungu za maharagi hapa Bukavu. Karibu nusu zinapasuka wakati wa kuchoma. Udongo wanautoa kinamasini, wanachomea uwanjani bila tanuri. Tuwasaidie namna gani?

Udongo_Mwekundu
Kwanza angalieni zimepasuka vipi. Kama nyungu ililia "pa!" na kurusha kipande, ni maji yaliyobaki ndani: yakigeuka mvuke hayana pa kutokea. Ufa unaoshuka toka mdomoni ni upepo au jua, mdomo umekauka kabla ya tumbo. Ufa unaozunguka kitako ni pingili ya kwanza (mkanda wa udongo wa kujengea nyungu) haikushikana vizuri na kitako.

Kukausha ni kivulini, wiki 2, na msimu wa mvua hata 3. Pimeni kwa shavu: nyungu ikiwa baridi shavuni, bado ina maji. Siku ya kuchoma, ziinamisheni kuzunguka moto mdogo saa 1 au 2, mkizigeuza, mpaka zisishikike kwa mkono mtupu. Hapo ndipo mnazipanga juu ya maganda ya miti na majani makavu ya migomba, halafu mnafunika kwa nyasi. Pakitokea tundu, ongezeni nyasi haraka, maana upepo ukigusa nyungu yenye moto, imekwisha.

Mama_Ngata
Kaka hapo juu amesahau udongo wenyewe. Ule wa kinamasi ukiwa laini kama siagi, hautengenezi nyungu peke yake. Twangeni vigae vya nyungu zilizovunjika, chekecheni, changanyeni sehemu 1 ya unga huo kwa 4 za udongo. Toeni kila kijiwe cheupe: kikiwa cha chokaa, kitavimba siku chache baada ya kuchomwa na kubandua ngozi ya nyungu, tayari iko kwa mteja! Funikeni udongo siku kadhaa kabla ya kuukanyaga.

Na mwambieni mnunuzi apike kwanza uji mwepesi ndani yake, uzibe vitundu. Kupikia juu ya makala (makaa) ni sawa. Asiweke nyungu tupu motoni wala asimwage maji baridi ndani ikiwa ya moto.

Jirani_wa_Kadutu
Asante mama. Vigae hawaweki kabisa. Tatizo lingine: mwenye kinamasi sasa anataka alipwe kwa kila kapu.

Kando_ya_Msitu
Hilo ndilo zito kuliko ufa. Watu hawa waliishi kwa kuwinda, asali na dawa za miti. Parki iliundwa 1970, wakafukuzwa msituni bila shamba. Ufinyanzi ukabaki kazi ya kutegemea udongo wa ardhi ya wengine, na nyungu zikabadilishwa kwa chakula mpaka sufuria za alumini zilipojaa sokoni. Sheria ya Kongo namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inatambua haki zao kwenye ardhi, lakini mwenye kinamasi hasomi sheria. Andikeni naye karatasi mbele ya chifu: bei kwa msimu mzima, siyo kwa kapu, na mashimo yafukiwe. Chimbeni Julai na Agosti, maji yakiwa chini, mweke akiba ya udongo wa miezi yote ya mvua.

Na nyungu moja moja msilete. Sambaza nyasi kati yake garini, kila moja kwenye ngata yake, mdomo chini.