Nimelipa elfu 45 kutoa video kwenye DVD ya sendofu yangu, nimerudishiwa vipande vitano na namba ya simu ya duka juu ya khanga ya mama

Wakuu, habari zenu. Nimejizuia siku tatu nisiandike nikiwa na hasira, nimeshindwa, mtanivumilia. Jina la duka silitaji. Liko hapa hapa Dar, wenyewe wakisoma watajijua.

Mwaka 2008 nilifanyiwa sendofu. Mpiga video akatukabidhi DVD moja, zile za kuandikwa juu kwa maka peni. Mama yangu alifariki 2016. Simu zake zote zilikuwa za tochi, kwa hiyo sauti yake haipo popote duniani ila kwenye hiyo DVD. Wanangu kila siku wananiuliza Bibi alikuwa anaongeaje. Nikataka mambo mawili tu: video iwe faili, niikate kate na kuiweka kwenye simu, halafu itengenezwe DVD nyingine, safi, nimpelekee mama mdogo Muheza. Yeye simu kubwa hataki hata kuisikia, ila ana deki yake anaifunika kitambaa kama mtoto mchanga.

Laptopu yangu haina sehemu ya kuweka DVD, nikaenda dukani. Fundi akaiingiza, akakunja uso kama daktari. "Dada, hii ina loki. Kuvunja loki elfu kumi, kukonveti elfu thelathini na tano." Nikatoa. Njoo kesho, njoo kesho, siku ya sita nikapewa flashi.

Sasa sikilizeni nilichokuta.

Faili la kwanza, limeandikwa "FINAL 1", ni sekunde 20 za maua yanayozunguka na kinanda. Ni menyu! Amenikonvetia menyu ya DVD, akaibana vizuri kabisa, akaipa na jina. Mafaili manne yaliyobaki ndiyo sherehe, kila moja linakatika ghafla na lingine kuanzia hewani. Ukumbi mzima umenenepa: video ilirekodiwa kwa umbo la televisheni za zamani, 4:3, yeye akaivuta ijaze kioo kipana. Mama alikuwa mwembamba kama ufito, humu ndani ni bonge. Wakianza kucheza, mikono inatoka mistari kama meno ya kitana. Na pale chini, juu ya khanga ya mama, imekaa nembo ya duka na namba zao mbili za simu, mwanzo hadi mwisho.

Hayo yote ningemeza. Lililonivunja ni hili. Mama anasimama kutoa nasaha, ukumbi kimya, anasema: "Mwanangu, hata mkigombana, usilale bila..." Faili limeisha. Unafungua linalofuata, watu wanacheka na kupiga vigelegele. Bila nini? Mwanangu wa mwisho ameniuliza mara nne, "Mama, Bibi alisema bila nini?" Nami sikumbuki! Siku ile nilikuwa nalia, ningesikia nini.

Nikarudi dukani. Fundi ananiambia DVD imezeeka, data imeoza pale pale. Nikitaka arudie, niongeze elfu 20.

Mpwa wangu yuko chuo, akaniambia, "Mamdogo, hebu tuiangalie wenyewe." Tukaazima kisomeo cha DVD cha kuchomeka kwa waya. Wakuu, kile kijana alichonionyesha ndicho kilichonipandisha presha, maana nimegundua kazi niliyolipia haikuwepo.

Kwanza, hakuna loki. Loki zinawekwa kwenye DVD za filamu zinazotoka kiwandani. DVD iliyochomwa na mpiga video wa mtaani haina, unafungua folda ya VIDEO_TS na mafaili yote yako wazi, ukitaka unayakopi kama unavyokopi picha. Elfu kumi yangu ilivunja hewa.

Pili, humo ndani video ni moja, ila imegawanywa katika mafaili ya VOB, na kila moja haliruhusiwi kuzidi GB 1. Mgawanyo huo haujali mtu anaongea au amenyamaza. GB ikijaa, mkasi. Yangu ilikuwa saa moja na dakika 40, ikatoka vipande vinne, kila kimoja kama dakika 26. Deki inavijua ni kitu kimoja, inapita bila wewe kuhisi. Fundi wangu akakonveti kila kipande kivyake. Na picha za DVD zimehifadhiwa kwa mafungu, mpaka picha 15 fungu moja, na fungu halifunguki bila picha yake ya kwanza. Kipande kikianzia katikati ya fungu, programu inatupa kila kitu mpaka ikute fungu jingine, na sauti inaweza kwenda nayo. Kwa picha 25 kwa sekunde, hiyo ni zaidi kidogo ya nusu sekunde. Neno moja la mama.

Tatu, hakukuwa na haja ya kukonveti hata kidogo. Mpwa alitumia MakeMKV. Inasoma DVD nzima, inaunganisha vipande kwa mpangilio wake, inatoa faili moja la video, aina ya MKV, bila kugusa picha wala sauti. Ubora ni ule ule wa kwenye diski. Maua ya menyu iliyaruka yenyewe, kwa sababu kitu cha chini ya dakika mbili haikichukui mpaka uiambie. Haikufika robo saa. Siku sita wakuu!

Tulikwama mwishoni tu, kwenye muziki wa kufunga. DVD husomwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hiyo mwisho wa sherehe unakaa ukingoni, na ukingoni palikuwa na alama ya kidole chenye mafuta. Sina ushahidi, ila mezani kwa fundi niliona mfuko wa chipsi. Tukaifuta kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, sio kuzungusha, ikasoma.

Tukasogeza mpaka dakika ya 26 na kidogo. Tukakosa, ikabidi twende pale kipande cha pili kilipokatikia, dakika ya 52. "Mwanangu, hata mkigombana, usilale bila kula." Ndiyo maana ukumbi ulicheka. Mama na chakula, nyie hamumjui. Nimelia pale mezani mpwa akazima akaenda kuchemsha chai.

Mengine tulifanya kwa wikiendi moja. Tukakata dakika 11 za kamera kuzunguka kwenye sahani za wageni, kwa LosslessCut, ambayo nayo haibani upya. Ya simu tukaitengenezea MP4 tukiondoa yale meno ya kitana: kumbe kila picha ya DVD kama yangu ni nusu mbili zilizofumana, mistari ya shufwa na ya witiri, na tuliiambia programu izifumue. Ya mama mdogo hatukuigusa hivyo, deki inajua kuzisoma. Tukaiingiza DVDStyler, programu ya kutengeneza DVD, tukachagua PAL, mfumo wa televisheni zetu, na 4:3, tukachagua video ikopiwe ilivyo, tukaweka menyu yenye picha ya mama badala ya maua, tukachoma kwa kasi ndogo. Diski tupu, elfu mbili.

Sasa nauliza: elfu 45 nilimlipa kwa kazi gani? Nimempigia nirudishiwe hata ile ya loki, ananijibu "kazi ilifanyika dada." Kweli ilifanyika. Wenye DVD za harusi kabatini, msipeleke kabla hamjauliza fundi anatoa faili moja au vipande, na nembo yake anaiweka wapi.

Na nina ombi. Mjomba alirekodi chakula cha nyumbani siku hiyo kwa kamera iliyoandika kwenye vidiski vidogo vya sentimita 8, na hakuifunga diski, ile "finalize" ya mwisho inayoifanya isomeke kwenye mashine nyingine, kwa hiyo deki na laptopu zote zinasema ni tupu. Kamera yenyewe iliibiwa. Mwenye kamera ya aina hiyo anisaidie kuifunga diski, au kama kuna aliyewahi kusoma diski kama hiyo kwa IsoBuster, programu ya kuokoa data kwenye diski, aniambie alifanyaje. Nitamlipa, ila hela anaiona baada ya mimi kuiona video.