Kila mfupa ni Leakey tu, kwani walikuwa wanachimba peke yao?

Kijana_wa_Ipuli (Tabora):
Wakuu habarini. Jana usiku namsaidia mdogo wangu homuweki ya historia, yupo kidato cha kwanza, kila fuvu la binadamu wa kale Leakey, kila mfupa Leakey, yaani wale watafiti wazungu Mary Leakey na mumewe Louis. Nikamuuliza ina maana huyo mama na mumewe ndo walikuwa wanapigwa jua na sururu kutwa nzima? Dogo akacheka eti kaka we andika Leakey tupate maksi. Hivi hakuna Mwafrika hata mmoja aliyeokota kitu cha maana?

Mwl_Isevya:
Wapo mdogo wangu. Laetoli, kule Ngorongoro, 1974 Maundu Muluila aliokota taya la chini la binadamu wa kale, likapewa namba LH 4. Mwaka huohuo Ethiopia yakapatikana mabaki ya kale yaliyopewa jina Lucy, dunia nzima Lucy Lucy, ila 1978 wanasayansi walipoipa jina spishi ya mifupa hiyo, Australopithecus afarensis, ule mfupa wa kielelezo ambao mingine yote inalinganishwa nao sio wa Lucy, ni lile taya la Muluila! Nimefundisha miaka 19, jina lake nimelijua juzi, najionea aibu.
Halafu kuna Kamoya Kimeu, Mkamba wa Kenya. 1964 aliokota taya la Peninj huku kwetu Ziwa Natron, 1984 siku ya mapumziko kaenda zake kutembea Nariokotome, Kenya karibu na Ziwa Turkana, akaona kipande cha fuvu rangi ileile ya kokoto, kufukua wakapata mifupa ya kijana karibu mzima, miaka kama milioni 1.5. Macho gani yale.

Mwanga_Kgm:
Msiwaonee sana lakini, Kimeu alipewa medali na Reagan mwenyewe 1985, na sokwe wa kale Proconsul heseloni (siku hizi anaitwa Ekembo heseloni) kaitwa kwa jina la Heslon Mukiri, fundi wa Leakey wa siku nyingi.

Mvinza_halisi:
Medali sawa, kwenye daftari la dogo yupo? Na kwani mpaka Olduvai kwa kina Leakey, 1967 watafiti wa mambo ya kale Sutton na Roberts walichimba hapa kwetu Uvinza, Kigoma, wakakuta chumvi inachemshwa kwenye vyungu tangu karne ya 5 au 6. Hizo chemchemi wazee wetu walikuwa wanazitumia muda wote huo, misafara inakuja kununua, ndo wageni wakajua pa kuchimba 😂

Kijana_wa_Ipuli (Tabora):
Asanteni. Nimemwandikia dogo Muluila kwa kalamu ya wino, akikosolewa tunakuja kwako Isevya mwalimu, ujiandae.