Mjadala: Fundi akikupigia Windows mpya na picha ikaharibika, nani alipe?

Salaam wadau.

Wiki hii nimeletewa laptop na mwalimu wa sekondari, mama mtu mzima anayefundisha jiografia. Alisikia kila mahali kwamba Windows 10 imefika mwisho tangu 14 Oktoba 2025, akampa kijana wa mtaani kwake ampigie Windows 11. Kijana akaruka kizuizi cha TPM (chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai), akafomati, yaani akafuta diski, akapokea hela yake. Mama kufika darasani, projekta haisomi. Herufi zimevimba, mwangaza wa kioo haupungui, video inakwenda kwa kurukaruka. Aliporudi kwa kijana akajibiwa, "Mama, laptop yako imezeeka."

Kwenye orodha ya vifaa, sehemu ya grafiki, nilikuta pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter. Mafundi wenzangu mnajua maana yake. Windows imekosa dreva, yaani programu ya kuendesha kifaa, inayoijua chipu ya picha, ikajishikiza kwa dreva ya dharura. Hiyo inakuonyesha kioo tu, basi. Haiwezi kuitumia chipu kuendesha video, haigusi mwangaza, haitoi picha ya pili kwenda kwenye projekta. Laptop ilikuwa nzima kabisa, iliyopotea ni dreva.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili mnibane: fundi anayefomati mashine ya mtu bila kwanza kutoa dreva zilizokuwa zinafanya kazi, picha ikiharibika, gharama ya kuirudisha ni yake.

Nasema hivi kwa sababu kuzitoa ni kazi ya dakika chache. Kabla hujagusa kitu, chomeka flashi, tengeneza folda, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika:

pnputil /export-driver * D:\Dreva

Hapo D ni herufi ya flashi yako. Dreva zote zilizoongezwa juu ya zile za Windows yenyewe zinamwagika humo: ya grafiki, ya sauti, ya Wi-Fi. Ukishapiga Windows mpya unazirudisha:

pnputil /add-driver D:\Dreva\*.inf /subdirs /install

Mara nyingi dreva ya picha ya Windows 10 inakubali vizuri ndani ya Windows 11. Cha kuangalia ni kama Windows ya zamani ilikuwa ya biti 32, maana Windows 11 ipo ya biti 64 tu na dreva hizo hazitafaa. Na kama hukufomati, umepandisha juu kwa juu, kuna siku 10 za kurudi ulikotoka kupitia folda ya Windows.old. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaifuta folda hiyo siku ileile ili mteja aone nafasi imeongezeka, halafu tunamwambia hakuna njia ya kurudi.

Kwa mwalimu hakukuwa na folda wala flashi. Tovuti ya waliotengeneza laptop hiyo ina ukurasa wa modeli yake, lakini upande wa dreva ni mtupu. Bahati nzuri mezani kwangu kulikuwa na nyingine ya modeli ileile, ya mteja mwingine. Nikampigia simu kuomba ruhusa, nikatoa dreva zake kwa amri hiyohiyo. Nikakata intaneti ili Windows Update isiniwahi, nikaiwasha ya mwalimu katika hali salama, nikasafisha mabaki ya dreva kwa programu ya DDU, nikaiwasha upya na kuingiza dreva. Kioo kikazima kama sekunde mbili. Kilipowaka, herufi zilikuwa zimenyooka na kitufe cha mwangaza kinashuka hatua kwa hatua. Mama aliweka mkono kifuani. Nilimtoza shilingi 20,000, na kwa maoni yangu ilipaswa kutoka mfukoni mwa aliyefomati.

Karibuni.

Fundi, Mwanza:
Unatuonea, kaka. Mimi napiga mashine saba, nane kwa siku, kwa bei ya kutupwa. Anayeacha kutoa dreva ni kampuni kubwa, anayeziondoa mtandaoni ni kampuni kubwa, halafu mzigo unatwishwa fundi wa meza moja. Mbona hao huwabani?

Mleta mada:
Kampuni zina kosa lao, sibishi. AMD iliziweka kando chipu zake za picha, Radeon za R7 na R9 za mfululizo wa 200 na 300, mwaka 2021. Nvidia ilifunga tawi la dreva la 390, la chipu zake za zamani, mwishoni mwa 2022. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria ambayo kuanzia 11 Desemba 2027 inamtaka mtengenezaji aache masahihisho ya usalama yapatikane kwa miaka 10 angalau. Natamani na sisi tuwe na ya namna hiyo, inayotaja dreva waziwazi. Lakini laptop ya mwalimu ilitengenezwa muda mrefu kabla ya sheria hiyo. Na haya niliyotaja hayakufichwa, yalitangazwa. Chipu unaiona kabla ya kufomati, inasomeka palepale. Kampuni imeacha kutoa dreva mpya; iliyofuta ile nzima iliyokuwamo ndani ya mashine ni mikono yetu. Mashine nane kwa siku, zikawa sita, hakuna atakayelala njaa.

Mwenye duka, Mombasa:
Ndugu yangu, mteja mwenyewe ndiye ataka Windows 11. Wamwambia hii yako haifai, aona wamdharau. Aenda duka la jirani apigiwa, nami nimekosa mteja.

Mleta mada:
Hapa umenisogeza. Microsoft yenyewe haizitambui kwa Windows 11 laptop nyingi zenye prosesa za kabla ya Intel kizazi cha 8, na kwa wanaobaki Windows 10 iliweka nyongeza ya masahihisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Kwa hiyo mteja ana pa kusimama bila kuruka kizuizi chochote. Ukimweleza hivyo, ukamwonyesha, ukaandika kwenye risiti "grafiki inaweza kusumbua" naye akatia sahihi, basi ikiharibika ni juu yake. Nakubali. Lakini mwalimu wangu hakuambiwa neno hata moja.

Mwanafunzi, Dodoma:
Kwa nini msiwawekee Linux badala ya Windows mkamaliza?

Mleta mada:
Kwa laptop yenye grafiki ya Intel au AMD naunga mkono, dreva zake zimo ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, na zinakuja na mfumo wenyewe. Uzuri wake mkubwa ni kwamba unaiwasha kutoka kwenye flashi, unaona kama picha na projekta vinafanya kazi kabla hujagusa diski. Kwa Nvidia ya zamani uwe mwangalifu: kerneli ikipanda, dreva ya zamani inakataa, kioo kinabaki cheusi. Unaongeza neno nomodeset kwenye amri ya kuwashia ili uingie, kisha unahamia Nouveau, dreva huria ya chipu za Nvidia, ambayo kwa chipu nyingi inakwenda polepole. Na mwalimu ana miaka mingi ya mitihani katika Word, yenye ramani na majedwali. Kumhamisha ni uamuzi wake mwenyewe, mimi siwezi kumfanyia kimyakimya. Nikifanya hivyo nitakuwa nimerudia kosa la yule kijana.

Kuna moja bado linanisumbua, nalo nawaachia. Laptop inafika diski imekufa, haiwaki, hakuna cha kutoa. Mteja anataka diski mpya na Windows mpya, na dreva ya picha haipatikani popote. Hapo fundi hakufuta kitu. Je, achukue hela ya kazi nzima wakati anarudisha mashine isiyosoma projekta? Mimi juzi nilichukua ya diski tu, ya ufundi nikaiacha, na mwenzangu wa meza ya pili amenikasirikia kwamba naharibu bei. Nyinyi huwa mnafanyaje?