Bati au makuti kwa nyumba ya shamba? Masika yanabisha hodi

Mtoto_wa_Shamba
Assalaam alaykum wana jukwaa. Nyumba yetu ya shamba huko Pemba makuti yameshachoka, ikinyesha tunahamisha vitanda usiku kucha. Nataka kuezua na kuezeka upya kabla masika hayajashika. Sasa niezeke bati au nirudie makuti? Nimeuliza mafundi wawili, kila mmoja ananambia lake. Aliyeishi chini ya yote mawili anisaidie.

Fundi_Ole
Waalaykum salaam. Yakhe, hapo hujasema kitu. Nyumba iko pwani au bara ya kisiwa? Kuta za udongo au matofali? Upana wake? Makombamoyo, yaani miti inayobeba paa, mazima au yameliwa na mchwa? Anakaa nani? Na mfukoni mna nini? Tujibu hayo ndio tuzungumze.

Karafuu_Kavu
Bati. Zama hizi bado mtu anaulizia makuti?

Bi_Ukindu
Hasha! Wewe unalala mjini chini ya dari na feni. Njoo ulale chini ya bati tupu, jua la kaskazi, saa nane mchana, kisha urudi hapa useme. Makuti yakishonwa mazito, yakapangwa karibu karibu, na kipaa kikasimama, maji yanateleza hayapati pa kuingilia. Watu wanayalaumu makuti, kumbe wa kulaumiwa ni fundi aliyelilaza paa ili apunguze kazi. Paa la makuti likilala, maji yanatuama, yanaoza, mwaka wa pili tu umerudi ulipotoka. Na ukiwa unapika ndani, moshi unayafukiza, wadudu hawakai.

Karafuu_Kavu
Moshi unamfukiza na mama mwenyewe. Na cheche je?

Bi_Ukindu
Jiko liko uani, bwana.

Karafuu_Kavu
Si umesema ndani?

Bi_Ukindu
Nimesema ukiwa unapika ndani. Soma.

Kijana_Mkoani
Ngojeni niwape yaliyotufika, maana mnabishana kama bati ni kitu kimoja.

Nyumba ya baba iko karibu na bahari. Tukaambiwa na muuzaji hili bati ni geji 30, bei nzuri, chukueni. Kila mtu anajua namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba, lakini bati lile halikuwa na namba yoyote iliyochapwa, ni maneno ya mdomo tu. Ukilikamata kwa mikono miwili linapinda. Fundi naye kaja na vijana wake, papi, zile mbao za kupigilia bati, kaziacha mbali mbali ili zitoshe, misumari kaipigilia bondeni mwa bati badala ya mgongoni. Baba kamuuliza, akajibiwa "mzee, hii ndiyo kazi yetu."

Masika ya mwanzo tukalala raha mustarehe. Ya pili misumari ishaanza kutu, na kwa kuwa bondeni ndiko maji yanakopita, kila tundu likawa linatona. Tukaweka masufuria. Kisha usiku mmoja wa mwezi wa Mei, kusi imeshakaza, bati la ukingoni likaanza kupiga pa! pa! pa! Baba anataka kutoka akaligandamize kwa jiwe, mama kamng'ang'ania shuka hamwachi. Likang'oka. La pili likafuata, kisha kipaa chote cha mbele. Kulipokucha moja tukalikuta juu ya mwembe wa jirani, jengine limeshakata migomba mitatu. Magodoro, unga, vyeti vya skuli vya wadogo zangu, vyote maji. Muuzaji tulipomrudia akasema upepo ni kazi ya Mungu. Ni kweli, lakini jirani upepo ulikuwa ule ule na bati lake halikutikisika. Fundi simu hapokei mpaka leo.

Kwa hivyo usiulize bati au makuti. Uliza bati gani, na fundi nani.

Mtoto_wa_Shamba
Pole sana ndugu yangu. Haya, nijibu. Kuta za udongo, vyumba viwili na ukumbi, mita 8 kwa 10 hivi. Bahari iko karibu, tukikaa barazani tunaiona. Anakaa mama na wajukuu. Bajeti si kubwa. Na nimesahau kusema, mama mwenyewe bati halitaki, anasema mvua ikilipiga hasikii adhana.

Bi_Ukindu
Si ndio hayo! Mama ndiye anayelala humo.

Fundi_Ole
Sasa tunaongea. Kwanza pwani. Chumvi inalila bati la kawaida, utaliona kutu kuanzia kwenye misumari na ncha. Ukienda kwenye bati, tafuta la aluminiamu au la rangi, na misumari yenye mpira, ipigwe mgongoni. Makombamoyo na boriti zifungwe kwenye nguzo kwa waya au kwa ukanda wa chuma. Bati ni jepesi kuliko makuti yaliyolowa, na ndiyo maana upepo unalinyanyua. Makuti upepo unapenya kidogo, bati unaliingia kwa chini.

La pili, kuta za udongo. Adui wa ukuta wa udongo ni maji yanayourukia chini, huko juu si sana. Michirizi itoke nje ya ukuta si chini ya nusu mita, ikifika sentimita 80 bora zaidi, na uchimbe mfereji wa kuyapeleka maji mbali. Nimeona nyumba ina bati jipya linang'ara na ukuta wa nyuma umelala chini.

La tatu, miti ya paa. Usipokee boriti za mikoko kutoka kwa mtu asiye na kibali. Ukikamatwa nazo ni kesi, na wala hutapata msamaha kwa kuwa ni nyumba ya mama.

Binti_Vitongoji
Mbona hakuna anayetaja maji? Huko kwenu bomba linatoka kila siku? Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 10 ni mita 80 za mraba, ikinyesha milimita 20 unapata karibu lita 1,600, toa yanayoruka nje. Tia mlizamu na tangi, yale ya mwanzo yamwage kwa sababu yanabeba vumbi na vinyesi vya ndege, wajukuu wapumzike kubeba ndoo. Maji ya paa la makuti yanatoka rangi ya chai, yanafaa kumwagia mchicha tu.

Karafuu_Kavu
Asante dada. Kesi imekwisha.

Bi_Ukindu
Na tangi lisilofunikwa ni kiwanda cha mbu. Hilo nalo mlihesabu?

Binti_Vitongoji
Linafunikwa, Bi Ukindu. Na kitambaa cha wavu kwenye mdomo.

Mpemba_Umeå
Mnanichekesha. Mie niko shamba kaskazini ya Sweden, theluji inaanza Novemba, mpaka Aprili haijaisha. Huku paa linasimama ili theluji iteleze, na ikijaa tunapanda kuifukua. Ile nyepesi iliyoanguka jana, mita moja ya ujazo ni kama kilo 100. Ikikaa na kulowa inapita 300. Hebu fikiria uzito huo juu ya mwamba wa paa lako. Kuni tunapasua wakati wa jua, zikauke kabla baridi haijaingia. Hilo mlichukue: mama wekeeni kuni sasa, chini ya banda lenye upepo, kwani za mvua zitamtoa machozi mpaka Juni.

Karafuu_Kavu
Yakhe, mtu anauliza makuti, wewe unatuletea theluji. Mnunulieni mama mtungi wa gesi.

Mpemba_Umeå
Gesi ikimwisha katikati ya mvua, njia yote tope, nani atambebea mtungi? Atarudi kwenye kuni.

Kijana_Mkoani
Hapo kasema kweli.

Mtumbatu_Halisi
Nyie Wapemba upepo mnauogopa bure. Kimbunga kilichotisha cha 1872 kilituangukia sisi Unguja, mikarafuu ikalala chini, kwenu ikasalimika. Tangu hapo karafuu ikawa yenu.

Karafuu_Kavu
Kwani nyie mlizuiwa kupanda tena?

Mtumbatu_Halisi
Mkarafuu haukui kwa jana na leo. Ukianza kuzaa, jirani keshajenga ghorofa.

Fundi_Ole
Tusitoke nje. Mtoto wa Shamba, kuna njia ya kati: bati juu, na chini yake dari ya majamvi au mbao nyembamba. Joto linapungua, kelele inapungua, mama anasikia adhana. Ila gharama inapanda.

Mtoto_wa_Shamba
Majamvi si yatakaliwa na panya? Nitamuuliza mama. Anaweza kusema tuezeke makuti mwaka huu, bati mwakani baada ya karafuu.

Bi_Ukindu
Basi makuti anza kuagiza leo. Mahoteli ya Unguja nayo yanayataka, na mvua ikishaanza hakuna atakayekushonea.

Binti_Vitongoji
Mtumbatu, kwa kuwa umeshataja mikarafuu: mnapanda kwa nafasi gani huko? Nina miche 40 inasubiri mvua na kila mtu ananambia kipimo chake.

Mtumbatu_Halisi
Ardhi ya wapi, na ina mawe?