Tupeane uzoefu: umejenga kijijini kwa kuchanganya asili na kisasa, ilikuwaje?

Kijukuu cha Tembe:
Wakuu, salaam. Mwaka 2019 nilimjengea Mama nyumba kwetu Mpwapwa. Tofali za saruji, bati geji 32, madirisha ya alumini, tailizi sebuleni. Ufunguo ukakabidhiwa, picha zikapigwa, majirani wakala pilau. Miezi miwili baadaye naingia bila taarifa saa nane mchana, namkuta kajilaza kwenye tembe la marehemu Babu. Kwenye nyumba yangu kuna magunia ya karanga na kuku wanaoatamia.

Akaniambia: "Mwanangu, humo mwako mchana ni tanuru, mwezi wa saba usiku ni barafu, na mvua ikinyesha hata kengele ya kanisa siisikii."

Nikakaa mle ndani ya tembe naye, na kwa kweli nilipoa. Miti imesimamishwa ikabanana, ikakandikwa udongo ndani na nje. Juu magogo, fito, majani, halafu udongo uliopigwa ukashikana. Kwa mvua chache za Ugogo, paa la kulala vile linawezekana. Lakini Mama mwenyewe anakumbuka mvua za El Niño za 1997/98, walivyokinga masufuria kila chumba na Babu kupanda juu na koleo usiku. Kwa hiyo msije mkaniambia nirudi kwenye tembe lenyewe.

Sasa zamu ya Baba Mdogo imefika na sitaki kurudia kosa. Wewe ulichanganya nini na nini, na ulijutia wapi?

Kenchi na Papi:
Mkuu, kosa lako halikuwa bati. Uliezeka bila siling bodi, ukuta mfupi, na wala hukuacha matundu ya kutolea joto. Hata mkate ungeiva mle.

Mke wa Pangani:
Sisi tulijenga ya udongo makusudi, maana mume wangu alisema baridi ya nyumba ya mama yake hajawahi kuipata mjini. Msingi wa mawe ukapandishwa futi mbili, juu yake miti na fito, tukakandika. Miti ya mikoko tuliacha, ile inahitaji kibali. Tulitumia mikaratusi, ncha za chini tukazipaka oili chafu kwa ajili ya mchwa.

Kosa letu ni plasta. Fundi alipiga saruji juu ya udongo ili "ionekane kama ya tofali". Masika ya kwanza tu, maji yakaingia kwenye ufa mdogo chini ya dirisha, na upande mzima ukabanduka kama ganda la yai la kuchemsha. Udongo unavuta unyevu na kuutoa, saruji inaufungia ndani. Mzee mmoja wa jirani alikuja akacheka, akatuambia tubandue yote tupige udongo laini na chokaa. Huu mwaka wa nne, tunarudishia chokaa tu. Na upenu tumeutoa nje zaidi ya hatua moja, mvua haigusi ukuta.

Jambo jingine ambalo ramani za mjini hazina: wakwe. Ramani ya kwanza tuliyochorewa ilikuwa na choo katikati ya korido, mlango unatazamana na chumba chetu. Baba mkwe alipoelezwa akasema hiyo nyumba yeye ataisalimia kwa nje. Ikabidi choo kirudi uani, na jiko pia, kwa sababu kuni ni kuni hata ukinunua gesi. Barazani ndiko anakoshinda mpaka leo.

Nshomile wa Kando:
Mimi wa Bukoba, nina kisa cha tetemeko. Tarehe 10 Septemba 2016, lile la ukubwa wa 5.9, nyumba ya Mzee ya tofali za kuchoma ilipasuka kona zote nne. Ilijengwa kwa tope, bila mkanda wa zege juu ya madirisha. Nyuma kwenye migomba kulikuwa na msonge wa Bibi uliogeuzwa jiko. Ulitikisika, vumbi la masizi likamwagika, basi. Ni miti na nyasi, hauna cha kumponda mtu.

Tulipojenga upya nikataka umbo la msonge kwa tofali na bati, nimkumbuke Bibi. Jamani! Bati halipendi duara. Vipande vilivyobaki vilitosha kuezeka banda la mbuzi. Fundi wa pili akashauri pembe nane badala ya duara kamili. Safari hii tulifunga mkanda wa zege na nondo kuzunguka kote, hapo sikubahili.

Bata Mzinga:
Na kitanda cha sita kwa sita mliweka ukuta gani? 😂

Nshomile wa Kando:
Katikati, kama meza ya harusi. Usiniulize zaidi.

Fundi Mstaafu:
Baba Mdogo mjengee kwa tofali za kufungamana, zile ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wamezihimiza miaka mingi. Udongo wa palepale, saruji kidogo, mashine ya kubana. Hazichomwi, kwa hiyo miti ya kijiji inapona, na ukuta unapendeza bila plasta.

Ila pima udongo kwanza. Chukua chupa ya maji yenye uwazi, jaza udongo robo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, iache mpaka kesho. Mchanga utatua chini, tope laini juu. Tope likizidi theluthi, ongeza mchanga, la sivyo tofali zitapasuka zikikauka. Udongo mweusi wa mbuga usiuguse kabisa. Nimeona mtu kakaidi, akapoteza tofali mia nane. Ukishazifyatua, zifunike na uzimwagilie wiki mbili, kivulini.

Kaskazi:
Mke wa Pangani, upo karibu na Muheza. Pale Magoda zilijengwa nyumba za majaribio, zimeinuliwa toka ardhini, kuta za mianzi, mbao au wavu, hewa inapita na mbu wanabaki nje. Baadaye Mtwara zikajengwa 110 za ghorofa moja kwa wazo hilo hilo. Sisi wa kawaida tunaweza kuiba kitu kimoja: ile nafasi kati ya ukuta na paa usiizibe kwa tofali, weka wavu.

Kijukuu cha Tembe:
Nimeandika yote. Tofali za kufungamana, siling bodi, wavu juu ya ukuta, upenu mrefu, choo na jiko uani. Nimempigia Baba Mdogo kumsomea. Kasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kihenge cha kuhifadhia nafaka kitakaa wapi. Sikuwa nimekichora.

Mke wa Pangani:
Chini ya upenu, upande usiopigwa na mvua. Kiinue futi mbili, na kila mguu uuvike bati, panya wateleze.