Mjadala: Fainali ya Ranji ikiisha sare, mikimbio ya zamu ya kwanza inatosha kumpata bingwa?

Wakuu, naleta hoja ya Ranji Trophy, mashindano makubwa ya kriketi ya siku nyingi ndani ya India, yaliyoanza mwaka 1934. Yanatugusa na sisi: Sandeep Patil, kocha aliyeifikisha Kenya nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003, aliyacheza akiwa na Bombay (sasa Mumbai).

Fainali ya msimu wa 2024-25 ilipigwa Nagpur. Timu ya Vidarbha walipata mikimbio 379 (mikimbio ndiyo alama za kriketi), Kerala wakajibu kwa 342 baada ya nahodha wao Sachin Baby kutolewa akiwa na 98. Tofauti 37. Kila timu ina zamu mbili za kupiga, lakini kanuni inasema mechi ya mtoano ikiisha sare, yaani siku zimekwisha bila mshindi kupatikana, aliyeongoza zamu ya kwanza ndiye anayepita. Basi Vidarbha wangehangaikia ushindi wa nini? Wakarudi kupiga, Karun Nair akapata 135, wakasogea hadi 375 kwa wiketi 9 (yaani wapigaji tisa wametolewa), siku ya tano ikaisha kwa kupeana mikono. Kerala hawakupiga tena. Fainali ya msimu mzima inamalizikaje hivyo, siku mbili watu wanacheza huku bingwa ameshajulikana? Inaniuma sana.

Vidarbha siwapunguzii sifa. Walishinda mechi 6 kati ya 7 za kundi, wakawafunga Tamil Nadu robo fainali na Mumbai nusu fainali, na mrushaji wao Harsh Dubey akamaliza na wiketi 69, rekodi ya msimu mmoja. Hayo ndiyo yawape taji. Fainali ikiwa sare, aliyevuna pointi zaidi kwenye makundi achukue, kama Australia walivyofanya kwa miaka mingi kwenye Sheffield Shield, mashindano yao ya aina hii.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, nakataa. Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyowaleta Kerala fainali yao ya kwanza kabisa. Robo fainali kule Pune, Jammu na Kashmir walikuwa na 280. Kerala wamebakiwa na wiketi moja, wana 200 tu. Salman Nizar na Basil Thampi wakaongeza 81 na kufika 281. Mkimbio mmoja! Nusu fainali, Kerala 457, Gujarat 455, na mpigaji wa mwisho wa Gujarat alitoka baada ya mpira alioupiga kugonga helmeti ya huyo huyo Nizar, aliyesimama karibu naye, na kudakwa na Sachin Baby. Ukiifuta kanuni, umefuta saa tamu kuliko zote za msimu ule.

Mchangiaji wa pili:
Tena makundi ni manne. Vidarbha na Kerala hawakuwa kundi moja, pointi zao utazilinganishaje kwa haki? Mimi nalaumu viwanja. Uwanja ukimsaidia mrushaji kidogo, siku tano zinatosha na sare zinapungua zenyewe.

Mleta hoja:
Ndugu zangu, utamu wa Pune siubishi. Lakini tazameni kilichofuata mechi ileile. Jammu na Kashmir, waliokuwa nyuma kwa mkimbio mmoja, walifunga zamu yao ya pili wenyewe kabla wapigaji hawajaisha, na kuwawekea Kerala lengo la mikimbio 399. Walithubutu kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Kerala wakajilinda hadi 295 kwa wiketi 6, ikawa sare, wakapita. Aliyetafuta ushindi akaenda nyumbani. Timu iliyowahi kuifunga Mumbai ya Rohit Sharma, nahodha wa India wakati huo, msimu huohuo!

La makundi lina uzito, nalipokea. Basi fainali peke yake iongezwe siku ya sita, na viwanja virekebishwe kama anavyosema mchangiaji wa pili. Pointi za makundi zije mwisho kabisa, sare ikigoma kuvunjika. Fainali ni moja kwa mwaka, na BCCI, bodi ya kriketi ya India, ndiyo bodi tajiri kuliko zote kwenye kriketi. Siku moja haiwashindi.