Bango la duka langu limeandikwa "STATIONARY", nilipe tena ama niwachane nayo?

Mama Saiba: Wadau habari za jioni. Nimefungua kaduka huku Kayole, fotokopi, kalamu, vitabu za watoto, hizo vitu. Nikaita fundi wa mabango akanichorea rangi ya blu safi kabisa, herufi kubwa STATIONARY. Wiki mbili watu wanapita tu hakuna mtu amesema kitu, jana msichana wa gredi ya nane amekuja kununua manila akaangalia juu akaanza kucheka, ati "mama, kwani duka yako imekwama?" Nimetoa risiti za hoseli, moja iko na A ingine iko na E, sasa nani anasema ukweli? Na nisiwadanganye, si fundi alikosea, ni mimi nilimwandikia kwa karatasi.

Kaka wa Umoja: Pole mama lakini huyo mtoto ako sawa. "Stationary" ya A ni kitu imesimama haisongi, kama mathree Jogoo Road saa kumi na mbili jioni. "Stationery" ya E ndiyo karatasi na kalamu. Mimi hukumbuka na envelope, inaanza na E na inauzwa hapo hapo dukani. Sikulaumu, zinatamkwa sawa kabisa na sisi tumezoea Kiswahili, vile unasikia ndivyo unaandika.

Mzee wa Vitabu: Ngojeni kwanza, hayo maneno ni ndugu wa tumbo moja. Zamani huko Ulaya wauzaji wengi walikuwa mahoka, unatembea na mzigo mgongoni kijiji hadi kijiji. Mwenye alikuwa na kibanda cha kudumu, hasa wale wa vitabu karibu na vyuo vikuu, kwa Kilatini aliitwa "stationarius", yaani mtu ana kituo, hahamihami. London hawa watu walikuwa na chama chao tangu 1403, wakapata hati ya kifalme 1557. Kwa hivyo vitu vyake vikaitwa kwa jina lake, na hiyo E inatoka kwa "stationer", muuzaji mwenyewe. Mama, huyo mtoto akirudi mwambie ndio, duka imesimama, wewe si hoka wa kukimbizana na kanjo.

Mama Saiba: 😂😂 Mzee asante, ila kanjo walikuja Jumanne na kituo changu hawakukiheshimu

Wa Ofisini: Si mnisaidie pia mimi hapo hapo. Nilitumia bosi imeili nikamaliza na "kindly advice", akanirudishia na mstari mwekundu bila kusema kitu. Kosa iko wapi jameni, kila mtu huandika hivyo hata kwa grupu ya chama

Kaka wa Umoja: Ya C ni ushauri wenyewe, ya S ni kushauri. Sikiza mwisho wake, "advice" inaisha na sauti ya S, "advise" inaisha na Z. Hiyo masikio inakusaidia. Kwa "licence" na "license" haisaidii maana zinasikika sawa, sheria ni ile ile tu, C jina, S kitendo. Na practice vivyo hivyo. Lakini hiyo ni ya Waingereza ndio tulifundishwa shule, Wamarekani wanaandika "license" ya S kwa zote na "practice" ya C kwa zote, kwa hivyo simu yako ikiwa imewekwa Kingereza ya Marekani itakupigia mstari mahali hujakosea hata kidogo.

Dem wa Buru: Na wenye wanacheka mama watulie, kwa ukuta huku kwetu mtu amechora na rangi "tumpigie kula". Na hiyo ni Kiswahili, lugha ya nyumbani

Fundi Rangi: Mama usilipe bango mpya. Herufi ni moja, anapaka rangi ya chini kwanza, ikauke, halafu anachora E juu yake. Kazi ya nusu saa, mia tatu ni nyingi.

Wa Ofisini: Kwani "kindly" yenyewe iko sawa ama pia nitoe?

Kaka wa Umoja: Acha ikae bana

Mama Saiba: Niko hapa na nimechoka. Nilipigia fundi simu nikamwambia atoe A aweke E, nikaenda tao kuchukua mali. Nimerudi saa hii napata STETIONARY.